Namna ya Kuupata Mkutano wa Kusaidiana kwa Anayetaka Kuacha Pombe

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanajulishwa kwamba safari hii ukurasa huu unaeleza jambo ambalo kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu kwa niaba ya "jamaa yangu mmoja". Mtu aliyeshindwa na pombe, naye mwenyewe anataka kuiacha, atawapata wapi wenziwe waliopita njia hiyo hiyo ili asaidiane nao?

Swali hili lina uzito wa pekee visiwani kwetu. Katika mji mkubwa mtu akivuka mitaa miwili huwa ameshakuwa mgeni. Hapa kwetu mtu akionekana saa kumi na moja jioni akiingia mlango asiouzoea, kabla ya magharibi habari imeshafika nyumbani kwake. Aidha, kwa kuwa wakaazi walio wengi ni Waislamu na pombe ni haramu katika dini yao, mnywaji huanza kwa kuificha pombe yenyewe, kisha huyaficha maradhi yaliyoletwa na pombe, na mwisho huificha hata nia yake ya kupona. Siri hii ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwani humnyima mtu msaada siku ile ile anapouhitaji. Ieleweke mapema basi kwamba mikutano inayozungumzwa hapa iliundwa na watu waliokuwa na khofu hiyo hiyo ya kujulikana, na kanuni zake zimetungwa kwa kuizingatia.

ASILI YA MIKUTANO HII

Jumuiya iliyo kongwe na iliyoenea zaidi huitwa Alcoholics Anonymous, kwa ufupi AA, yaani walevi wasiotajwa majina. Ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Bill Wilson, aliyekuwa mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alifika Akron kwa shughuli ambayo haikufanikiwa. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache kunywa. Akiwa peke yake hotelini, na sauti za baa zikimfikia pale alipokuwa amesimama, alitambua kwamba atakunywa usiku ule asipompata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaiendea simu, akawapigia viongozi wa makanisa ya mji ule mmoja baada ya mwengine, hadi akaelekezwa kwa watu waliomfahamu Dk. Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akinywa kwa siri huku kazi yake ikiharibika.

Wawili hao walikutana tarehe 12 Mei, 1935. Daktari alikusudia kukaa dakika chache tu kwa heshima ya wenyeji, lakini mazungumzo yalichukua saa kadhaa. Baadaye alianguka mara moja tena, na tarehe 10 Juni, 1935, ambayo ndiyo siku aliyokunywa kwa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA.

Msomaji azingatie jambo moja katika habari hii. Bill Wilson hakuwa akimtafuta mganga wala mhubiri. Alimtafuta mtu mwenye ugonjwa kama wake, na alimtafuta ili yeye mwenyewe asinywe. Mkutano wa kwanza ulikuwa na watu wawili, hauna ofisi, hauna muhuri wala orodha ya wanachama. Vikundi vya leo, ambavyo vimeenea katika nchi zipatazo 180, bado vinafuata msingi huo.

Kanuni za vikundi hivyo zilikubaliwa rasmi mwaka 1950. Sharti la kujiunga ni moja, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Haihitajiki barua ya daktari, barua ya sheha wala kitambulisho. Hakuna ada, bali mwisho wa mkutano hupitishwa mfuko kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na mgeni halazimiki kutoa chochote. Kikundi hakipokei msaada wa fedha kutoka nje, si kwa Serikali wala kwa tajiri. Jina la mwanachama na maneno aliyoyasema hayatolewi nje ya mlango.

HOSPITALI KWANZA KWA ANAYEKUNYWA KILA SIKU

Hapa pana jambo ambalo mwandishi anaomba lisirukwe. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, hata kama nia yake ni njema na hata kama ameshaupata mkutano. Mwili uliozoea pombe huchafuka inapokatwa. Baada ya kupita saa 6 hadi 12 tangu kinywaji cha mwisho huweza kuanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika na mapigo ya moyo kwenda mbio. Katika siku mbili za mwanzo baadhi ya watu hupatwa na mtukutiko kama wa kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo na hupanda homa, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Jamaa wengi wakiona dalili hizo hudhani kwamba mgonjwa ameingiwa na shetani, au kwamba anajifanya ili apewe pombe. Dhana hizo zimewagharimu watu maisha. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe ukweli kuhusu kiasi anachokunywa na siku aliyoacha, kwani akifichwa atatibu maradhi mengine. Zipo dawa za kuutuliza mwili katika siku hizo chache, pamoja na vitamini B1, ambayo huwapungukia sana wanywaji. Matibabu haya huwa ya siku kadhaa tu. Mkutano ni kwa ajili ya miezi na miaka inayofuata, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

WAPI PA KUANZIA

Anayeishi Unguja aanze kwa kumuuliza daktari au muuguzi, hasa wale wa huduma za afya ya akili. Wapo wanaoliogopa jina la Kidongo Chekundu, kwa kuwa mitaani jina hilo limefanywa kuwa tusi. Hospitali hiyo ni mahali ambapo wamo watu waliosomea kazi ya kuwahudumia walioshindwa na vileo, na anayeogopa kuonekana mlangoni anaweza kuanza kwa kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Kwa ndugu zetu wa Pemba, swali hilo hilo liulizwe katika hospitali za Chake Chake na Wete.

Mahali pa pili ni katika nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Ni kweli kwamba nyingi ya nyumba hizo zilifunguliwa kwa ajili ya vijana walionaswa na heroini, na mnywaji wa makamo anaweza kuhisi kwamba hapo si pake. Hata hivyo, mikutano inayofanyika humo aghalabu hufuata mwendo wa Narcotics Anonymous, jumuiya iliyoanzishwa California mwaka 1953 kwa kuiga AA. Jumuiya hiyo huihesabu pombe kuwa ni dawa ya kulevya kama nyingine, kwa hiyo mnywaji hakataliwi. Si lazima mtu ahamie katika nyumba hiyo ili ahudhurie. Aulize kwa simu, bila kutaja jina, kama upo mkutano unaopokea watu wa nje, unafanyika siku gani na saa ngapi. Swali hilo linajibika kwa dakika mbili, na mwenye kuulizwa hatashangaa.

Mahali pa tatu ni katika simu. Tangu mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipofunga vyumba vya mikutano duniani, vikundi vingi vilihamia katika mikutano ya video, na vingi vimebaki huko. Kwa mkaazi wa kisiwa hii ni neema kubwa, kwani anaweza kukaa chumbani kwake Mkokotoni au Mkoani akawasikiliza watu walioko nchi nyingine. Yafaa lakini achukue hadhari mbili. Kwanza, kabla ya kuingia aangalie ni jina gani linaloonekana kwenye kioo, kwa sababu simu nyingi huonyesha jina kamili la mwenye simu. Alibadilishe libaki jina la kwanza au herufi moja, na kamera aifunge akipenda. Pili, aangalie saa. Mkutano uliotangazwa saa 18:00 kwa saa za London utakuwa saa tatu usiku kwetu katika miezi ya baridi ya Uingereza, na saa mbili usiku katika miezi yao ya joto. Ule wa saa 18:00 za New York wakati wa baridi utakuwa saa nane usiku. Mtu aliyejikaza wiki nzima, kisha akafungua simu akakuta mkutano umekwisha, huona kama ni ishara ya kwamba hakuandikiwa. Si ishara yoyote, ni hesabu ya saa tu.

Watumishi wanaosafiri kikazi wana nafasi ambayo wengi hawajaifikiria. Katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi vipo vikundi vya AA vinavyokutana ana kwa ana. Mtu asiyethubutu kuingia mlango wowote hapa Mjini anaweza kuhudhuria mara yake ya kwanza ugenini, jioni baada ya semina, mahali ambapo hakuna anayelijua jina la baba yake. Akisharudi atakuwa na namba ya simu ya mtu mmoja wa kumpigia.

KUHUSU DINI

Huulizwa kama mikutano hii ni ya Kikristo. Hatua 12 zinazofuatwa na AA zinamtaja Mungu, na zinamwachia kila mtu amfahamu kwa imani yake. Kikundi hakifungamani na dhehebu lolote. Katika nchi nyingi vikundi hukodi vyumba vya makanisa kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana kwa bei nafuu, na wapitao njia huchanganya chumba na imani. Waislamu nao wameifanyia kazi njia hii. Mwaka 1989 katika mji wa Baltimore, Marekani, ilianzishwa jumuiya ya Millati Islami, ambayo imeziandika upya hatua hizo kwa misingi ya Uislamu, kwa ajili ya waliotaka kuacha vileo wakiwa ndani ya dini yao. Kwa maoni ya mwandishi, maimamu na walimu wa madrasa wangefanya jambo jema kuifahamu habari hii, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wa kwanza kuendewa na mama mwenye mtoto mlevi.

YANAYOTOKEA NDANI

Khofu kubwa ya mgeni ni kwamba atasimamishwa mbele ya watu ajieleze. Halitokei. Watu hukaa kwenye viti, mara nyingi kwa duara, kwa muda wa saa moja au saa moja na nusu. Mmoja hufungua kwa kusoma maelezo mafupi ya jumuiya, kisha watu huzungumza mmoja mmoja, kila mmoja kuhusu nafsi yake: alivyokuwa, kilichomtokea, na anavyoishi sasa. Anayezungumza hakatizwi, hajibiwi na hapewi nasaha asizoziomba. Zamu ikimfikia asiyetaka kusema, husema tu kwamba leo atasikiliza, na zamu hupita. Mgeni anaweza kuhudhuria mara nyingi namna hiyo bila ya kuulizwa.

Mikutano iko ya aina mbili. Ule wa wazi huingiwa na yeyote, akiwemo mke, ndugu au mwanafunzi wa udaktari. Ule wa ndani ni wa wenye tatizo peke yao. Anayeogopa kuonekana na achague wa ndani, kwani humo kila aliyemo ana sababu ile ile ya kunyamaza. Huu ndio ulinzi wa siri ambao watu wengi hawaufikirii: aliyekuona humo, nawe umemwona.

Baada ya majuma machache mwanachama huchagua mtu mmoja aliyemtangulia awe mlezi wake, wa jinsia yake, ambaye anaweza kumpigia simu hata usiku wa manane shauku ya pombe inapomjia. Wapo wengi watakaosema kwamba simu hizo ziliwasaidia kuliko mikutano yenyewe. Kwa wanawake, ambao aibu yao katika jamii yetu ni kubwa maradufu, inafaa kuulizia mikutano ya wanawake, na kwa njia ya video hiyo inapatikana kwa urahisi.

Zipo pia dalili za kujihadhari. Mkutano unaodai ada ya kuingia, unaotaka jina kamili na mahali pa kazi, unaoahidi tiba ya uhakika, au ambamo mtu anaamriwa kuacha dawa alizopewa na daktari, haufuati kanuni zilizoelezwa hapa. Mtu auage kwa adabu na atafute mwengine. Vile vile, kikundi kimoja kinaweza kuwa kizuri na bado kisimfae mtu fulani. Ajaribu vitatu au vinne kabla ya kusema kwamba njia hii si yake.

Wasomaji watauliza kama njia hii husaidia kweli. Mwaka 2020 watafiti John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri walichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Walikuta kwamba programu za matibabu zinazomwunganisha mgonjwa na AA kwa utaratibu maalumu huwawezesha watu wengi zaidi kuendelea bila ya kunywa kabisa, zikilinganishwa na matibabu mengine yanayojulikana. Hiyo haina maana kwamba kila anayehudhuria hupona. Wengi huanguka na kurudi, na kikundi kinachofahamu kazi yake humpokea aliyeanguka bila ya kumsimanga.

KWA WAKUU WA OFISI

Mtumishi anayetaka kuhudhuria mkutano huogopa mambo mawili: kufukuzwa na kusimuliwa. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1996 mwongozo kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini, unaoelekeza kwamba matatizo haya yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, bila ya ubaguzi, na kwamba habari za mfanyakazi zihifadhiwe kwa siri. Mkuu wa kitengo anayeambiwa na karani wake kwamba anaomba kutoka saa moja mapema kila Jumatano kwa sababu za matibabu, asimtake aeleze zaidi mbele ya wenzake, wala asiandike sababu hiyo kwenye daftari linalosomwa na kila apitaye. Wala si kazi ya mkutano kumripoti mtu kwa mwajiri wake.

Jambo hili halimwondolei mkuu haki ya kudai kazi ifanywe. Mtumishi mlevi anayefichwa na wenzake, akasainiwa mahudhurio na kufanyiwa kazi zake kwa huruma, huendelea kuzama akiwa salama machoni pa ofisi. Aambiwe kwa faragha na kwa maneno yaliyo wazi, kisha aelekezwe kwa daktari.

Familia nazo zina mikutano yao, kwani anayeishi na mlevi huugua kwa namna yake. Lois Wilson, mke wa Bill Wilson, alishiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa wa walevi, na mwaka 1957 likafuata tawi la vijana, Alateen. Mke au mama anaweza kuhudhuria hata kama mlevi mwenyewe amekataa katakata, na kwa njia ya video hana haja ya kumuaga mtu.

PALIPOKUWA HAPANA MKUTANO

Yawezekana msomaji ameuliza hospitali, amepiga simu, na katika shehia yake hapana kitu. Hapo akumbuke habari ya Akron. Watu wawili wanaotaka kuacha kunywa, wakikutana kwa ajili hiyo, wameshakuwa mkutano. Daktari au muuguzi anayewahudumia wagonjwa wawili wa namna hii anaweza, kwa ridhaa ya kila mmoja, kuwakutanisha. Huenda hilo likawa na faida kuliko ushauri wowote atakaowapa.

Kinachohitajika ni chumba. Darasa la skuli baada ya masomo, chumba cha kituo cha afya jioni, au ofisi ya jumuiya ya vijana vyote vinafaa, ila nyumba ya mmoja wao haifai, kwa sababu majirani huhesabu wageni. Sheha au mwalimu mkuu anayeombwa ufunguo ana haki ya kujua kwamba chumba kitatumiwa kwa mkutano wa afya na nani atakayekifunga, na hana haja ya kujua majina ya wengine. Asishangae wala asikatae akiletewa kodi ndogo, kwani vikundi hivi hupenda kujitegemea hata kwa senti chache.

Siku ichaguliwe moja ya wiki na saa isibadilishwe, si kwa mvua wala kwa sikukuu, kwa sababu anayekuja kwa khofu akikuta mlango umefungwa mara ya kwanza hatarudi mara ya pili. Aliyefungua chumba akae humo mpaka saa imalizike hata kama hakuja mtu, na wiki inayofuata afungue tena kwa saa ile ile.